Inaliaka Saa Gani?

Marehemu baba yangu alikuwa mgonga magurudumu wa reli, na kazi hiyo, ambayo vijana wengi wa leo hawajapata hata kuisikia ikitajwa, ndiyo iliyoitoa aila yetu Mombasa ikaifikisha Kasese, chini ya milima ya Ruwenzori, mwaka 1956, reli ya kutoka Kampala ilipofunguliwa ili iichukue shaba ya Kilembe na kuipeleka Jinja kwenye tanuri. Kila garimoshi lilipoingia stesheni, kabla halijaruhusiwa kuondoka tena, baba alishuka kando ya behewa la kwanza akiwa na nyundo yenye mpini mrefu, akaenda polepole gurudumu baada ya gurudumu, akiligonga kila moja pigo moja tu, kisha akitega sikio. Gurudumu zima lilijibu kwa sauti nyembamba iliyorefuka kama kengele. Lenye ufa lilijibu kwa sauti fupi iliyokufa papo hapo, mfano wa chungu kibovu kinapogongwa na mnunuzi sokoni. Na baba, ambaye hakusoma illa Kurani na hesabu kidogo, alikuwa na madaraka ya kulizuia garimoshi zima kwa neno lake peke yake.

Nilikulia katika mlio wa nyundo ile, na kwa hiyo, nilipokuja kuwa dereva, nilijihesabu kuwa mrithi wa sikio la baba, wala haikunipitikia kamwe kwamba sikio lilikuwa nusu tu ya elimu yake, na kwamba nusu ya pili ilikuwa katika nyundo. Kisa nitakachokisimulia ndicho kilichonifundisha nusu hiyo ya pili, nami niliilipia ada kubwa, ijapokuwa fedha nyingi zilizotoka hazikuwa zangu.

Mwaka 1974 nilikuwa nikiendesha lori la petroli la tani tatu, mali ya tajiri mmoja wa Kasese, ambaye jina lake nalisitiri, kama ninavyolisitiri jina la kiwanda kilicholiunda lori lenyewe, kwa kuwa taksiri ya mambo yaliyotokea haikuwa ya kiwanda. Kazi yetu ilikuwa kuchukua chumvi ya Katwe na bidhaa za dukani, kuzipeleka Bwera na Mpondwe, na kurudi na magunia ya kahawa ya milimani. Barabara hiyo, ambayo urefu wake kutoka Kasese hadi mpakani ni takriban kilomita 60, huambaa na miguu ya milima, hukatiza mbuga ya wanyama iliyotengwa mwaka 1952, mahali ambapo dereva mwenye hadhari humpisha ndovu bila ya kupiga honi, hufika Kikorongo karibu na mstari wa Ikweta, hapo hugeuka kulia kufuata machweo, huvuka mto Nyamugasani, hupita Kinyamaseke, na mwisho huanza kuvipanda vilima vya Bwera. Mbele yake uko mto Lhubiriha, na ng'ambo ya mto ni Kongo, ambayo miaka ile ilikuwa ikiitwa Zaire.

Kiswahili kilikuwa kimetangazwa kuwa lugha ya taifa la Uganda mwaka mmoja tu kabla ya hapo, lakini Bwera hakikuhitaji amri ya mtu, kwa sababu Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni ndugu, na lugha ya biashara ilikuwa ikivuka daraja asubuhi na kurudi jioni pamoja na ndizi na mawese, ikiwa na lafudhi yake ya Beni na Butembo ambayo sisi watu wa pwani, kwa kiburi chetu, tulikuwa tukiicheka.

Safari moja, tukiwa tumesheheni chumvi na tumekwisha kuipita Kinyamaseke, nilikanyaga mafuta kwa gia ya pili ili nikipande kilima, mara nikasikia mbele yangu mlio kama wa bati linalokwaruzwa, kru-kru-kru, ulioharakisha kadiri nilivyozidi kukanyaga. Na nilipoondoa mguu juu ya pedali, mlio ukakoma, ukafuatwa na kishindo kimoja, ngo!, kana kwamba kuna mtu aliyeangusha nyundo chini ya sakafu. Nilisimama kileleni, nikaweka gia huru, nikaivumisha injini mara tatu, nayo ikavuma kwa siha timilifu, bila ya kru wala ngo. Nikaondoka, nikakanyaga mafuta, mlio ukarudi.

Wakati ule kuharibikiwa na gari halikuwa jambo dogo. Tangu Waasia walipofukuzwa nchini mwaka 1972 kwa muhula wa siku 90, maduka ya vipuri yalikuwa yamebaki na rafu tupu, na aliyetaka beringi moja aghalabu aliitoa katika gari la mtu mwingine lililokufa. Kwa hiyo tajiri alipopata habari ya mlio ule alishikwa na fadhaa, na mtu mwenye fadhaa hakosi jawabu la haraka. Akasema kwamba petroli imechanganywa na mafuta ya taa. Tukaimwaga tangi nzima, tukatia petroli tuliyoiamini, mlio ukabaki vilevile.

Fundi wa kwanza wa Kasese alilala chini ya lori, akaishika propela shafti kwa mikono miwili, akaitikisa, akasema krosi imekwisha. Tukangoja siku mbili hata ikapatikana krosi kutoka katika lori lililopata ajali, ikafungwa, kishindo kikapungua kwa kiasi ambacho mtu aliyekwisha kulipa hupenda kukisikia, kisha keshoye kikarudi na kru-kru yake. Fundi wa pili akasema ni difu. Ikafunguliwa, mafuta yake yakamwagwa katika karai, tukayapapasa kwa vidole kutafuta chembe za chuma, na meno yote yakakutwa mazima. Difu ikafungwa, tukalipa tena.

Katika siku hizo zote, mtu mmoja alikuwa amekwisha kuuona ushahidi, na hakuna aliyemsikiliza. Taniboi wetu, kijana wa Kikonzo asiyezidi miaka 15, ambaye alikaa kushoto kwangu safari nzima bila ya kazi ya kuyashughulisha macho yake, aliniambia tukiwa njiani: "Bwana dereva, mbona mkono wa gia unainama kila ukikanyaga mafuta?" Nami nikamjibu kwamba kazi yake ni kuweka kigingi nyuma ya gurudumu, gia ziachie wenye leseni. Akanyamaza, akageukia dirisha.

Tulifika Bwera siku ya gulio, na mlio ulikuwa umezidi hata watu wa njiani waligeuka kututazama. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye karakana chini ya mwembe, mtu wa ng'ambo ya Lhubiriha ambaye ujana wake aliutumia kutengeneza malori ya Wabelgiji. Nilianza kumweleza habari yangu kwa urefu, nikijipamba kwa maneno ya kifundi, kwamba mlio unatoka chini, tena mbele kidogo, pengine upande wa kulia, ingawa mara nyingine huonekana kutoka nyuma, naye akaninyanyulia kiganja.

"Ile makelele inaliaka saa gani?"

"Inalia huku chini, Mzee, karibu na..."

"Kijana, sikuuliza fasi yake. Nauliza saa yake."

Laiti ningalijua kwamba katika maneno yale machache, ambayo sarufi yake ningaliicheka siku nyingine, ilikuwamo elimu yote niliyoikosa! Akaniuliza maswali yake moja moja, na kila swali lilianza na wakati. Gari likisimama na injini ikivumishwa, je, hulia? Halilii. Likiteremka kilima kwa mwendo wake bila ya kukanyagwa mafuta? Halilii. Likiwa tupu? Hulia kidogo. Likiwa na mzigo? Hulia sana. Gia gani huzidi? Ya kwanza na ya pili. Asubuhi injini ikiwa baridi, au mchana ikiwa moto? Sawasawa. Na ukirudi nyuma?

Hapo nilikwama. Nilikuwa nimerudi nyuma mara zisizo na idadi tangu mlio uanze, katika maghala na masokoni, wala sikuwa na habari kama ulikuwapo au haukuwapo. Akaniambia nirudi nyuma palepale, kwa kasi. Nikarudi nyuma, na lori likawa kimya kama siku lilipotoka dukani.

Ndipo akafanya jambo lililonikumbusha nyundo ya baba. Alimwamuru taniboi aweke vigingi mbele na nyuma ya magurudumu, akalifungua boneti, akaniambia nivute breki ya mkono, nikanyage na ya mguu, nitie gia ya kwanza, kisha niachie klachi kidogo kidogo, huku nikitia mafuta kiasi cha kuifanya injini ijikaze bila ya gari kwenda. Nilifanya hivyo, na kwa kuwa boneti lilinizuia nisione, nilisikia kwanza: kru-kru-kru, mlio uleule, tukiwa tumesimama chini ya mwembe. Akanitoa kitini, akamweka mwanawe mahali pangu, akanivuta mbele nitazame.

Injini ilikuwa ikiinuka. Upande wake wa kushoto ulinyanyuka upana wa vidole vitatu, kama ngamia anayetaka kusimama, na feni, iliyofungwa kwenye injini, ikanyanyuka pamoja nayo hata ncha za mapanga yake zikalikwaruza bati linaloizunguka nyuma ya rejeta. Klachi ilipokanyagwa, injini ikaanguka mahali pake: ngo! Lori lilipotiwa gia ya kurudi nyuma, injini ilijilaza juu ya ubavu uleule wa kushoto, ikatulia.

"Ona," akasema mzee, "motere yako inaamkaka."

Sababu yake ni nyepesi kwa aliyekwisha kuelezwa. Mtu akisimama mtumbwini akalisukuma jahazi, mtumbwi wake nao hurudi kinyume. Vivyo hivyo injini inapoisukuma shafti izunguke upande mmoja, yenyewe husukumwa ipinduke upande wa pili, na kadiri gia ilivyo ya nguvu na mzigo ulivyo mzito, ndivyo msukumo huo unavyozidi. Kinachoizuia ni zile raba zinazoikalisha injini juu ya chasisi, ambazo mafundi huziita mauntingi. Raba ya kushoto ya lori letu ilikuwa imekatika vipande viwili, na kwa hiyo injini ilikaa mahali pake kwa uzito wake tu, ikitulia ilipoachwa na kuinuka ilipotumwa kazi. Mkono wa gia, ambao chini yake umeshikamana na giaboksi, na giaboksi na injini ni kitu kimoja, uliinama kila injini ilipopinduka. Taniboi alikuwa ameniambia habari hii siku kumi kabla yake, kwa lugha safi, nami nikampeleka kwenye kigingi.

Tena nilipoyapima upya yale majawabu matatu tuliyoyanunua Kasese, niliona kwamba kila moja lingeweza kukanushwa bila ya kufungua hata nati moja, kama tungaliuliza saa. Petroli mbaya huifanya injini igonge inapokazana kilimani, lakini haina njia ya kupiga kishindo mguu unapoondolewa. Krosi iliyokwisha haina upendeleo. Hupiga kwenda mbele na hupiga kurudi nyuma. Difu yenye meno mabovu hufuata mwendo wa magurudumu, na ingalivuma hata tulipokuwa tukiteremka bila ya mafuta. Sisi tuliuliza mlio uko wapi, na mlio, ambao husafiri katika chuma kama maji katika mfereji, ulitujibu kutoka kila mahali.

Nilidhani darsa limekwisha, nikaanza kushukuru. Mzee hakuwa amemaliza. Aliingiza mkono, akaitoa ile raba iliyokatika, akaniwekea kiganjani. Haikuwa kavu kama raba iliyozeeka. Ilikuwa nyeusi, laini, yenye utelezi, imevimba kama mkate uliotiwa katika chai. Kisha akaupitisha ukucha wake juu ya ubavu wa injini, kutoka pale raba ilipokuwa, akapanda nao polepole katika utando wa vumbi na mafuta, hata akafika ukingoni mwa kifuniko cha vali, mahali ambapo tone jipya lilikuwa likijikusanya.

"Na hii mafuta," akauliza, "ilianza saa gani?"

Swali hili sikulijibu, kwa kuwa jawabu lake nilikuwa nalo. Gasketi ya kifuniko kile ilikuwa ikivuja tangu mwaka uliopita. Nililiona doa chini ya lori kila asubuhi, nikaongeza mafuta ya injini kila juma, na sikumwambia tajiri, kwa sababu nilikuwa nikilipwa kwa safari, na siku ambayo lori lingelala kwa fundi ilikuwa siku isiyo na ijara. Tone baada ya tone, mafuta yaliiangukia raba na kuila, na raba ilipokufa, nikaja kwa mafundi na uso wa mtu aliyedhulumiwa, nikidai waniambie msiba huu wa ghafula umetoka wapi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliyaficha ya lori, likaniumbua lenyewe kwa sauti, mbele ya watu wa gulio.

Raba mpya haikupatikana Bwera, wala Kasese, wala sidhani kama ingepatikana Kampala mwaka ule. Mzee alianza na mvujo, si na raba, akisema kwamba raba yoyote atakayoitia italiwa kama ya kwanza maadamu tone lipo. Akakata gasketi katika karatasi ngumu ya sanduku, akailoweka katika mafuta, akaifunga. Kisha akachukua kipande cha tairi kuukuu la lori, akachonga matabaka mawili, akayatoboa kwa nondo iliyotiwa moto mpaka moshi wake ukawafukuza wateja wa jirani, akayapanga chini ya injini. Mwisho akaupitisha mnyororo mfupi kutoka kwenye pembe ya injini hadi kwenye chasisi, akaukaza kwa boliti, akiuachia nafasi ya upana wa kidole kimoja, ili injini ipate kutikisika kama ilivyo ada yake, lakini isipate kuamka.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari iliyonifanya niweke gazeti chini na kumkumbuka mzee yule. Mwishoni mwa mwaka 1971 huko Marekani, kampuni ya General Motors ilitangaza kuyaita magari ya Chevrolet yapatayo milioni 6.7, kwa sababu raba za injini zao zilikuwa zikikatika, injini zikiinuka dereva anapokanyaga mafuta, na pengine zikiivuta na mitambo ya pedali ya mafuta hata gari likazidi kukimbia lenyewe. Dawa waliyoitoa wahandisi wa kampuni ile, yenye utajiri usio na kifani, ilikuwa kuifunga injini kwa waya wa chuma usiiruhusu kuinuka. Mzee wa Bwera hakuisoma habari ile, na miaka mitatu tu baada yake aliyafikia maarifa yaleyale kwa mnyororo, chini ya mwembe.

Nimeishi kutosha kuona kwamba mambo mengi ya wanadamu huwa na tabia ya lori lile: hukaa kimya yakiwa hayana mzigo, hulalamika yakitumwa kazi, na mlalamiko wake husikika mbali na palipo na jeraha. Mjukuu wangu mmoja alipoanza kukataa shule, nyumba nzima iliuliza ni nani anayempiga na ni mwalimu gani mwenye taksiri, kila mtu akiwa na mtuhumiwa wake. Mimi niliuliza saa. Ikadhihirika kwamba hukataa siku ya Alhamisi peke yake, na Alhamisi ilikuwa siku ya kusoma kwa sauti mbele ya darasa, na mtoto ana kigugumizi ambacho nyumbani, kwa kuwa tunamjua na kumngoja, tulikuwa tumeacha kukisikia. Hapakuwa na wa kushtakiwa.

Na baba, ambaye nilidhani alikuwa na sikio la ajabu, sasa namwelewa. Hakungoja gurudumu lilie njiani, garimoshi likiwa limejaa watu. Aliliendea limesimama, akalipiga pigo la kipimo kimoja, akaliuliza swali lilelile aliloyauliza magurudumu mengine yote, na jawabu likamjia wazi kwa sababu swali lilikuwa moja.

Mnyororo wa Bwera ulidumu miezi saba, hata tajiri alipoletewa raba mpya kutoka Nairobi. Gasketi ya karatasi ilidumu zaidi ya hapo. Taniboi nilimfundisha udereva mwaka uliofuata, naye alikuwa dereva msikivu kuliko mimi.

Basi nawe msomaji, siku gari lako litakapolia unapokanyaga mafuta, usimkimbilie fundi na hukumu mkononi. Kaa nalo kwanza, uangalie hulia likienda au likisimama, likiwa na mzigo au tupu, unapokanyaga au unapoachia, mbele au nyuma, na umwulize aliyekaa kando yako ameona nini. Habari hizo mpelekee fundi kama zilivyo. Na kama chini ya gari hilo pana doa la mafuta unalolifahamu tangu mwaka jana, mtajie hilo mwanzo, kabla hajakuuliza.